Kuunda na Kupaka Rangi Behewa la Modeli la Shaba: Mwongozo Kamili

Seti ya kuundia behewa la modeli humfikia mjenzi ikiwa bapa kabisa. Ndani ya bahasha mna mabamba mawili au matatu ya shaba ya manjano, yaani ule mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na juu ya mabamba hayo asidi imekwisha kuchonga kila kipande: mbavu zenye matundu ya madirisha, sakafu, ngazi, na hata bawaba za milango zisizozidi ukubwa wa punje ya chumvi. Unene wa bamba kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.25 na 0.45. Kazi iliyobaki ni kuvitoa vipande hivyo, kuvikunja, kuvilehemu na kuvipaka rangi mpaka vifanane na behewa lililowahi kubeba abiria.

Mwongozo huu unafuata behewa moja tangu bahasha inapofunguliwa hadi linapowekwa relini. Ni behewa la daraja la tatu lenye ushoroba, urefu wa futi 57, la kampuni ya reli ya LMS (London, Midland and Scottish) ya Uingereza, iliyozaliwa tarehe 1 Januari 1923 reli za nchi hiyo zilipounganishwa kuwa kampuni nne kubwa, na iliyokoma zilipotaifishwa tarehe 1 Januari 1948. Ni la enzi ya mhandisi William Stanier, aliyehama kutoka kampuni ya reli ya Great Western na kuingia LMS mwaka 1932. Mabehewa ya wakati wake yana mbavu bapa za chuma zisizo na mapambo ya mbao, na madirisha makubwa yenye vioo vidogo vya kuteleza sehemu ya juu kwa ajili ya hewa. Nimelichagua kwa sababu ubavu wa namna hii ni mwepesi kuunda lakini ni mgumu kupaka rangi, kwa kuwa hauna pambo lolote ambalo mkwaruzo au tone la lehemu lingeweza kujificha nyuma yake.

Vipimo vinafuata kanuni ya Waingereza ya milimita 4 kwa kila futi moja, yaani 1:76.2. Kwa hiyo futi 57 huwa milimita 228, na bogi za LMS, yaani zile fremu ndogo za magurudumu manne zinazobeba behewa kila mwisho, zenye futi 9 kati ya ekseli na ekseli, huwa na milimita 36. Upana wa njia ndio unaoleta mgawanyiko. Wengi hutumia njia ya milimita 16.5, ambayo kwa kweli ni nyembamba mno kwa kipimo hiki. Wengine hutumia 18.2, na wale wasiokubali kupunjwa hata kidogo hutumia 18.83, ambayo ndiyo futi 4 na inchi 8½ halisi. Amua jambo hili kabla ya kukata kipande chochote, kwa sababu vipande vya bogi hukunjwa kwa upana tofauti kulingana na njia, na bogi iliyokwisha kulehemiwa haipanuliwi.

Vifaa na mahali pa kazi

Vifaa si vingi. Tafuta pasi mbili za kulehemu, moja ya wati 25 kwa mapambo na nyingine ya wati 50 kwa mwili wa behewa, au moja yenye kidhibiti cha joto. Ongeza tupa ndogo bapa na ya mviringo, kibano, guni ndogo ya chuma ya kupimia pembe mraba, jiriwa, kekee ya mkono yenye biti za milimita 0.5, brashi ya nyuzi za kioo ya kusugulia, na kipande cha kioo kinene cha kufanyia kazi juu yake. Kioo hakipindi, wala fluksi, ile dawa ya kusafisha metali ili lehemu ishike, haikidhuru, na lehemu haikigandi. Brashi ya nyuzi za kioo humwaga nyuzi zisizoonekana ambazo huingia vidoleni na kuwasha siku mbili nzima, hivyo itumie ukiwa umevaa glavu na uifute meza kwa kitambaa chenye maji, usiipulize.

Kuhusu lehemu, mtu aliyejifunza kwa fundi redio huja na waya wake wenye fluksi ya utomvu ndani, akidhani utamfaa. Kwa nyaya za umeme ni sawa, lakini kwa shaba bapa utomvu huacha gundi ya kahawia ambayo rangi haishiki juu yake. Tumia lehemu tupu isiyo na kitu ndani, pamoja na fluksi ya maji yenye asidi ya fosforiki kidogo. Nunua lehemu za aina tatu kwa joto la kuyeyuka: nyuzi 188 kwa mwili, nyuzi 145 kwa mapambo, na nyuzi 70 kwa vipande vya metali nyeupe ambavyo pasi yenye joto kali huvigeuza kuwa tone kabla hujasema loo. Ngazi hii ya joto ndiyo siri ya kazi nzima. Ukianza na ile ya nyuzi 188, unaweza kuongeza bawaba kwa ile ya nyuzi 145 bila kufungua kiungo cha jana. Lehemu nyingi za namna hii zina risasi, na baadhi ya zile za nyuzi 70 zina kadimi, kwa hiyo fungua dirisha, usile mezani hapo, na unawe mikono kila unapoinuka.

Kabla ya lehemu, fikiria rangi

Mjenzi mgeni hugawa kazi mafungu mawili: kwanza kuunda, halafu kupaka rangi. Mgawanyo huo ndio unaoharibu mabehewa mengi. Uamuzi wa rangi lazima ufanywe wakati vipande bado vimo kwenye bamba, kwa kuwa kila kitu utakacholehemu leo kitakuwa kizuizi au msaada kwa brashi ya mwezi ujao.

Jiulize maswali matatu. Vioo vitaingiaje baada ya rangi kukauka? Ama paa litoke, ama sakafu itoke. Mimi hulehemu paa kwenye mbavu na kuifunga sakafu kwa skrubu nne, kwa sababu ufa kati ya paa na ubavu huonekana kutoka upande wa pili wa chumba, ilhali ufa wa chini hauonekani. Je, rangi mbili zinakutana wapi? Behewa hili lina mwili wa rangi ya damu ya mzee, paa la kijivu na fremu nyeusi ya chini, hivyo fremu ikitengwa na mwili unabaki na mpaka mmoja tu wa kufunika kwa tepu. Na mistari itapita wapi? Kalamu ya kuchorea mistari haiwezi kuruka juu ya kishikio cha mlango. Kwa hiyo toboa matundu ya vishikio sasa, lakini vishikio vyenyewe viweke kwenye kikopo mpaka mistari ikauke.

Kukata, kukunja na kupinda

Kila kipande kinashikiliwa na vikonyo vidogo. Vikate kwa kisu chenye makali juu ya kitu kigumu, kisha uondoe masalia kwa tupa, ukisukuma kwa kufuata ukingo, kamwe si kwa kuukatiza, maana tupa inayokatiza huukunja ukingo mwembamba. Usitoe vipande vyote siku moja. Kipande kilichotolewa hupoteza namba yake, na behewa lenye ushoroba lina mbavu mbili zisizofanana, upande wa vyumba na upande wa ushoroba.

Mahali pa kukunja asidi imekula nusu ya unene na kuacha mfereji. Isipokuwa maelezo ya seti yakisema vinginevyo, mfereji hukaa upande wa ndani wa kona. Bana kipande kati ya vyuma viwili kwenye jiriwa, mfereji ukiwa sawasawa na ukingo wa chuma, kisha ukisukume chote kwa pamoja kwa rula ya chuma. Ukikikunja kwa vidole kitakatika au kitapinda kama kuti. Kunja mara moja, kwa sababu ukikikunjua na kukikunja tena mfereji utapasuka. Mkunjo ukikamilika, pitisha lehemu kidogo ndani ya mfereji uupe nguvu.

Kuna umbo moja ambalo mfereji hausaidii. Ubavu wa behewa halisi haushuki wima hadi chini. Kuanzia chini ya madirisha huingia ndani kidogo kidogo. Laza ubavu kifudifudi juu ya mpira laini, zulia la kipanya cha kompyuta hufaa sana, halafu uviringishe fimbo ya chuma kwa kukandamiza kwenye ile theluthi ya chini. Kandamiza kidogo, simamisha ubavu dhidi ya mojawapo ya zile pande fupi za behewa, nitakazoziita vichwa, uangalie mwanga kati yao, kisha urudie. Mkono huchukua kama robo saa kuzoea. Usipite karibu na madirisha, kwa kuwa vijiti vyembamba vilivyopo kati ya dirisha na dirisha hupinda kabla ya sehemu nyingine, na ubavu utajaa pembepembe badala ya kuwa na mviringo mmoja.

Kulehemu

Sugua mahali pa kiungo mpaka shaba ing'ae. Paka fluksi kwa brashi nyembamba. Chota lehemu kidogo kwa ncha ya pasi, ukubwa wa kichwa cha pini, uiguse kwenye kiungo na usubiri. Fluksi itachemka na kutoa mvuke, kisha ghafla lehemu itaacha kuwa tone na kuwa kama maji yanayong'aa, ikikimbia kwenye ufa yenyewe. Hapo ndipo unapoondoa pasi, si kabla. Ikibaki tone lenye mgongo, mambo ni mawili: pana uchafu, au joto halitoshi. Dawa si kuongeza lehemu. Ongeza fluksi, na utumie ncha pana zaidi ya pasi.

Anza na kona moja: ubavu mmoja na kichwa kimoja, juu ya kioo, guni ikiwa ndani ya kona. Weka nukta moja ya lehemu juu na nyingine chini, basi. Angalia pembe. Kama ni sawa, weka kichwa cha pili, kisha ubavu wa pili, vyote kwa nukta tu. Sasa simamisha sanduku juu ya kioo na ubonyeze kila kona kwa kidole. Ikisikika kugonga, sanduku limepinda, na nukta moja itafunguliwa na kuwekwa upya kwa sekunde tano. Ukilehemu urefu mzima kabla ya kuangalia, kosa lilelile litakuchukua jioni nzima. Sanduku likitulia, jaza viungo kutoka ndani, ukirukaruka huku na huku ili joto lisikusanyike mahali pamoja na kuufanya ubavu ujae mawimbi.

Bawaba huingizwa kutoka nje kwenye matundu yake na kulehemiwa kutoka ndani, ili upande wa nje usiguswe na pasi. Hata hivyo, lehemu kidogo itapenya tu. Ikwangue kwa kisu butu cha shaba wala si cha chuma, kisha msasa laini namba 1000 wenye maji, kisha brashi ya nyuzi za kioo. Elekeza taa ubavuni kwa mshazari ukague, kwa sababu taa ya juu hudanganya.

Vipande vya metali nyeupe, kama vitoa hewa vya paani na visanduku vya ekseli, vina kanuni yake. Lehemu ya nyuzi 70 haishiki shaba tupu, hivyo kwanza paka shaba utando mwembamba wa ile ya nyuzi 145, punguza joto la pasi, weka kipande mahali pake kwa fluksi nyingi, na uilete ile ya nyuzi 70 pembeni. Asiyejiamini atumie gundi ya epoksi, hakuna atakayejua.

Bogi na magurudumu

Bogi ikipinda, behewa litaanguka relini hata kama limepakwa rangi na malaika. Ingiza beringi za shaba, weka magurudumu, na usimamishe bogi juu ya kioo: magurudumu manne yote yaguse. Hata hivyo, reli si kioo, kwa hiyo bogi mbili zisifungwe kwa namna moja. Moja iachiwe kuinama mbele na nyuma tu, nyingine iachiwe kuyumba pande zote. Hapo behewa hukaa kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakitetereki hata penye sakafu mbovu.

Shaba hupitisha umeme, na reli za modeli zina umeme. Hakikisha kila gurudumu limetengwa na ekseli yake kwa plastiki angalau upande mmoja, na katika bogi moja pande zilizotengwa zielekee upande uleule. Kisha sukuma behewa kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo. Kwa njia ya milimita 16.5 jaribu kona ya nusu kipenyo cha milimita 438. Gurudumu likigusa ngazi au fremu, pakwangue mahali hapo sasa. Kelele ndogo ya kukwaruza leo ni cheche na treni iliyosimama kesho.

Kuosha

Behewa langu la kwanza lilipendeza kwa wiki sita. Wiki ya saba, kando ya bawaba ya mlango wa mwisho, niliona kivimbe cha ukubwa wa mbegu ya ufuta. Nilipokigusa kwa ukucha rangi ilibanduka, na chini yake palikuwa na unga wa kijani kibichi. Fluksi iliyojificha nyuma ya ubavu ilikuwa imetambaa kupitia tundu la bawaba na kuila shaba polepole. Nililazimika kuvua rangi yote.

Tangu hapo naosha kila jioni baada ya kulehemu, bila kusubiri mwisho wa kazi: maji ya vuguvugu, magadi kidogo ya kuua asidi, na mswaki wa zamani. Kabla ya rangi, osha kwa sabuni ya unga laini ya kusugulia sinki, suuza mara tatu, elekeza maji ndani ya kila kona, kisha kausha kwa mashine ya kukaushia nywele. Kuanzia hapo usiliguse kwa mikono mitupu. Shika kwa kibao ulichokifunga ndani kwa skrubu za sakafu.

Rangi

Shaba haishikani na rangi ya kawaida. Safu ya kwanza lazima iwe praima yenye asidi, ile inayotengenezwa kwa ajili ya metali, na ipulizwe siku ileile ya kuosha kabla shaba haijafifia. Lipashe behewa joto kidogo kwanza, liwe vuguvugu mkononi. Pulizia ukiwa umevaa barakoa yenye vichujio vya mkaa, dirisha likiwa wazi. Safu iwe nyembamba kiasi kwamba mistari ya milango bado inaonekana kana kwamba imekatwa jana.

Praima ikikauka, taa ya mshazari irudi. Mkwaruzo usioonekana kwenye shaba inayong'aa huonekana wazi juu ya praima isiyong'aa, na hapa ndipo mwisho wa kuurekebisha. Kisha pulizia safu nyembamba ya rangi ya kutu nyekundu. Damu ya mzee juu ya kijivu huonekana baridi, kama zambarau iliyochoka. Juu ya wekundu hupata joto na kina. Huu si upuuzi wa wapenda urembo. Weka vipande viwili vya bati kando kwa kando, ujaribu mwenyewe.

Rangi ya mwili iwe enameli ya kung'aa, iliyochanganywa na tina (kimiminika cha kupunguza uzito wa rangi) mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ikipulizwa kwa shinikizo la takriban baa 1 kutoka sentimita 10 hadi 15. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye behewa na uache baada ya kulipita. Safu tatu nyembamba hushinda moja nene. Rangi ikitua kama vumbi, uko mbali mno au imekauka hewani; ikishuka kama machozi, uko karibu mno. Kila baada ya safu, lifunike kwa sanduku la viatu, maana adui mkubwa ni unywele mmoja. Na usiamini saa, amini pua. Maadamu enameli inanuka, haijakauka, hata kama kidole hakiachi alama. Mimi huiachia wiki moja.

Baada ya hapo funika mbavu, upulize paa kijivu. Tepu ya kufunikia ikandamizwe kwa kijiti cha mbao, na kabla ya kijivu pulizia kwanza ukungu wa vanishi kwenye mpaka huo, ili kitakachopenya chini ya tepu kiwe vanishi isiyo na rangi. Bandua tepu ikiwa rangi bado ni mbichi kidogo, ukiivuta kurudi nyuma juu yake yenyewe. Kuhusu vichwa, LMS iliviacha katika rangi ya mwili kwa miaka mingi kisha ikavipaka vyeusi, kwa hiyo fuata picha ya mwaka unaoukusudia.

Mistari na namba

Mabehewa ya mwanzo wa miaka ya 1930 yalichorwa mistari iliyoiga paneli za mbao ambazo ubavu wa chuma haukuwa nazo. Katikati ya muongo huo kampuni iliacha maigizo hayo, ikabakiza mistari michache ya njano na nyeusi juu na chini ya madirisha. Hapo anayeanza ana bahati, kwa sababu mistari yote ni ya kunyooka.

Tumia kalamu ya wachora ramani yenye midomo miwili ya chuma na skrubu. Tia enameli iliyopunguzwa kidogo kwa kijiti, usiichovye, kwani rangi ya nje ya mdomo hupakaa kwenye rula. Jaribu kwenye kioo mpaka mstari wa milimita 0.3 utoke bila kukatika. Bandika vipande vya kadi chini ya rula ili ukingo wake usiguse behewa, la sivyo rangi itanyonywa chini yake. Vuta mstari mzima kwa mwendo mmoja, bila kusimama kufikiri. Ukikosea, futa mara moja kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Ile wiki ya kusubiri itakulipa hapa, kwa kuwa rangi ya chini haitayeyuka.

Herufi na namba hubandikwa juu ya rangi ya kung'aa, kwani juu ya rangi isiyong'aa hewa hubaki chini ya utando na kuacha weupe. Kumbuka namba ya daraja: daraja la tatu liliitwa hivyo hadi Juni 1956, lilipobadilishwa jina kuwa la pili. Zikikauka, sasa weka vishikio vya milango kwa tone la gundi kutoka ndani, kisha pulizia mwili wote vanishi ya mng'ao wa wastani.

Vioo na kufunga

Kata vioo kutoka plastiki angavu ya milimita 0.25 na uvibandike kwa gundi nyeupe ya mbao au vanishi. Supagluu usiisogeze hapa kabisa. Moshi wake hutua kwenye plastiki na kuifanya iwe na ukungu, na ndani ya behewa lililofungwa moshi hauna pa kwenda. Pakia viti na kuta za vyumba kwenye sakafu, ukihakikisha ushoroba uko upande wa ubavu wake, kisha funga skrubu nne bila kuzikaza mno. Zungusha behewa njia yote mara moja kwa kulisukuma kwa mkono, mara nyingine likiwa nyuma ya injini, na likiyumba kwenye kiungo cha reli, legeza skrubu ya ile bogi iliyoachiwa kuyumba pande zote robo mzunguko.